Mkataba wa Mwambao 1963: ni kweli ulikuwa wa miaka 50 tu?

MwanaFaza

Salaam aleikum jamani, na kwa wengine hamjambo. Nina swali linanisumbua tangu Ijumaa. Tulikuwa barazani baada ya alasiri pale Mji wa Kale Mombasa, mimi na ami zangu na wazee wengine wawili wa mtaa, mazungumzo yalianza na bei ya samaki yakaishia kwenye Mwambao, yaani ule ukanda wa Pwani ya Kenya uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mnajua Mombasa habari ya Mwambao ikianza kahawa inapoa vikombeni. Ami yangu mkubwa, ambaye mwaka 63 alikuwa kijana wa skuli, akasema kwa yakini kabisa kwamba Pwani ilikodishwa tu, ati Kenyatta alipewa miaka 50, muda umekwisha 2013 na karatasi yenyewe imefichwa London. Anasema bendera nyekundu ya Sultani aliiona kwa macho yake ikipepea Fort Jesus, na haikushushwa kwa vita, ilishushwa kwa makaratasi.

Sasa mimi nimesoma skuli za Kenya mpaka form four, Mau Mau tumesoma, mikutano ya katiba ya Lancaster House kule London tumesoma, lakini hii habari kwamba Mombasa mpaka siku ya uhuru kisheria ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar sikufundishwa hata aya moja. Nataka kujua nani alikaa mezani, walitia saini nini hasa, muda upo au haupo, na sisi wenyewe watu wa Pwani tuliulizwa? Anayejua aeleze kwa utulivu tafadhali, matusi ya kikabila sitaki, nataka nikirudi barazani niwe na la kumwambia ami yangu kwa adabu.

Msomaji_wa_Kuze

Wa aleikum salaam mdogo wangu. Ami yako nusu kasema kweli na nusu amechanganya, na alichochanganya si uzushi, kina asili yake ntakueleza.

Kweli yake ni hii: ule ukanda wa maili kumi kutoka Vanga mpaka Kipini pamoja na visiwa vya Lamu haukuwa koloni la Mwingereza. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakapima mali ya Sultani Barghash bila kumuuliza, wakasema yako ni visiwa na ukanda wa maili kumi kwenda ndani, zaidi ya hapo si yako. Mwaka uliofuata, 1887, Barghash akaikodisha sehemu ya kaskazini kwa kampuni ya Waingereza, na hapo shika neno, mkataba ule wa 1887 ndio uliokuwa wa miaka 50. Hiyo hamsini ya ami yako ipo kwenye historia, ila ni ya kampuni na si ya Kenyatta. Watu wamelisikia kwa babu zao wakalibeba mpaka likatua 1963, halafu hesabu ikatoka 2013.

Kampuni ikafilisika karibu, serikali ya Uingereza ikaichukua kazi yake, na tarehe 14 Desemba 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini akaingia mkataba na Waingereza kupitia balozi wao Arthur Hardinge. Humo ndani wao wataendesha utawala, kodi, mahakama, kila kitu, lakini nchi inabaki ya Sultani. Yeye atalipwa pauni 11,000 kwa mwaka, na juu yake pauni 6,000 za riba ya pesa yake waliyoikalia. Bendera yake ibaki. Ndo ile aliyoiona ami yako. Na ndo maana kuanzia 1920 jina rasmi likawa Koloni na Himaya ya Kenya, maneno mawili hayo si mapambo, koloni ni bara na himaya ni sisi huku.

Mambo yakalala hivyo mpaka uhuru ulipokaribia, swali likawa Mwingereza akiondoka huu ukanda unarudi kwa mwenyewe Zanzibar, unasimama peke yake, au unaingia Kenya? Hapo ndipo vikazuka vyama vya Mwambao, Coast People's Party na wenzao, watu kama kina Abdilahi Nassir wakihutubia viwanja vinajaa. KANU, chama cha Kenyatta, wakasema Pwani ni Kenya basi. Wapinzani wao KADU ya Ronald Ngala, ambaye ni mtoto wa Pwani, wakasema iingie Kenya lakini kwa majimbo, yaani kila jimbo liwe na mamlaka yake. Kila mtu alikuwa na hofu yake na mimi siwezi kusema hata mmoja hofu yake ilikuwa ya bure.

Waingereza wakamleta Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria. Oktoba 1961 akazunguka Pwani, akapokea wajumbe na maandiko ya kila kundi, na Desemba ripoti ikatoka. Alisema ukanda uingizwe Kenya kabla ya uhuru, Sultani aachie, na Waislamu wapewe dhamana juu ya dini, makadhi na ardhi. Sababu yake kubwa ni Kilindini, bandari ya Mombasa. Reli yote mpaka Uganda inamalizikia pale, nchi ya bara isingekubali bandari yake iwe ya mtu mwingine, na ukanda mwembamba vile ungeishije bila bara? Machi 1962 wakaitwa London kwenye mkutano wa Mwambao wenyewe, pembeni ya ule wa katiba ya Kenya, hawakukubaliana, ukaahirishwa.

Mwisho wake ni Oktoba 1963. Tarehe 5 Kenyatta kama waziri mkuu wa Kenya na Mohamed Shamte waziri mkuu wa Zanzibar wakabadilishana barua, ndizo zenye ahadi. Tarehe 8 ukatiwa saini mkataba wa pande nne: Uingereza, Sultani, serikali ya Kenya na serikali ya Zanzibar. Mkataba wenyewe ni mfupi mno, unasema siku Kenya itakapopata uhuru ukanda utaacha kuwa sehemu ya milki ya Sultani na utakuwa sehemu ya Kenya, na ule wa 1895 utakoma. Muda haumo. Wala haukufichwa, ulichapishwa na serikali ya Uingereza mwaka uleule kama waraka wa bunge na mtu yeyote anaweza kuusoma.

Kwa hiyo ami yako mwambie bendera ni kweli, makaratasi ni kweli, hamsini ni ya 1887.

Chumbageni_boy

Wakuu samahani naingilia, mimi mtu wa Tanga. Hapa kwetu nako kulikuwa na maliwali wa Sultani, Pangani, Bagamoyo, Kilwa mpaka Mikindani, maili kumi hizohizo. Mbona sisi hatujawahi kusikia Mwambao? Mwaka 61 Tanganyika imepata uhuru pwani ikiwa ndani bila hata mjadala. Tofauti ilitoka wapi?

Msomaji_wa_Kuze

Swali zuri sana ndugu yangu wa Tanga, na jibu lake linaumiza kidogo. Ya kwenu iliuzwa. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4, ambazo kwa pauni ni kama 200,000, akawaachia moja kwa moja pwani yote ya kusini. Tangu siku ile Tanga na Bagamoyo zikatoka mikononi mwa Zanzibar kisheria, kwa hiyo siku ya uhuru wenu hakukuwa na mwenye mali wa kudai.

Na sikiliza zile pesa zilikwenda wapi. Mwaka 1895 ile kampuni ya Waingereza ilipokuwa inatolewa huku kwetu ilidai ilipwe fidia, na pauni 200,000 za fidia hiyo zilitoka kwenye hazina ya Zanzibar, zilezile za Tanga na Bagamoyo. Yaani Sultani ameuza pwani ya kusini, pesa akakomboa pwani ya kaskazini ambayo ilikuwa yake mwenyewe, halafu siku zilezile ikawekwa chini ya Mwingereza kwa kodi. Zile pauni 6,000 za riba nilizotaja juu ndo riba ya pesa hiyo. Mimi nilipolielewa hili mara ya kwanza nilikaa kimya siku nzima.

Mwana_wa_Kaya

Nimesoma yote kwa makini na nashukuru, lakini nitasema jambo ambalo kila Mwambao ukitajwa linarukwa. Mimi ni Mgiriama wa Kilifi. Nyinyi mnazungumza Sultani na Kenyatta na Mwingereza kama hao ndio waliokuwa wakiishi hapa. Ule ukanda ulikuwa na Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma na wengine, tunalima, tunavua, tunazika wazee wetu humo.

Mwaka 1908 Waingereza wakaweka sheria ya hati za ardhi kwa Pwani hii. Kila mwenye shamba aende adai mbele ya ofisa, aoneshe ushahidi, apewe hati. Aliyekuwa na makaratasi ya Kiarabu, aliyejua njia ya ofisini, akapata. Sisi ardhi yetu ilikuwa ya ukoo na ya kaya, yaani makao ya jadi ya Wamijikenda, hakuna mtu mmoja wa kuandikwa jina, na ardhi ya ukoo sheria ile haikuitambua. Kipande kisichodaiwa kikawa cha serikali. Basi mtu ameamka asubuhi yuko palepale alipozaliwa lakini ameshakuwa skwota.

Sasa nenda kwenye zile barua za 5 Oktoba. Moja katika ahadi ni kwamba hati za ardhi zilizokuwapo zitatambuliwa na kulindwa. Kwa mwenye hati hiyo ni dhamana. Kwa babu yangu ilikuwa ni kufungiwa mlango kwa funguo ya pili. Mimi nimekulia kwenye shamba ambalo mwenye hati hatukuwahi kumuona, tulikuwa tunamsikia tu yuko mji wa mbali, na mwaka nilipokuwa darasa la sita walikuja vijana na fundi wa kupima wakapiga vigingi katikati ya mihogo ya mama, mama amesimama na jembe hajui aseme nini. Mpaka leo nikiona kigingi chekundu roho inanishtuka.

Sisemi Waswahili na Waarabu ni maadui zangu, nimeoa Mombasa, shemeji zangu ni watu wa hapohapo Kuze. Nasema tu ukiuliza "tuliulizwa?", hilo "sisi" ni la nani?

MwanaFaza

Kaka Mwana wa Kaya, nashukuru umesema na pole sana kwa mama. Kwa kweli niliposema sisi nilikuwa nafikiria watu wa mtaa wetu tu, sikuliona mpaka uliposema.

BintiMalindi_Unguja

Hamjambo nyote. Mimi mzaliwa wa Unguja, mtaa wa Malindi, sasa nipo Muscat miaka mingi. Naomba niseme upande wa Zanzibar kidogo maana watu wa Mombasa huwa wanatulaumu kwamba tuliwauza.

Tazameni tarehe. Sultani Jamshid amekalia kiti Julai 1963 baada ya baba yake Sultan Abdullah kufariki. Mwezi huohuo wa Julai ukafanyika uchaguzi, chama cha Afro-Shirazi, ASP, wakapata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31, ile serikali ya Shamte ikaundwa na vyama viwili vilivyoungana na nusu ya nchi haiitaki. Miezi mitatu baadaye ndio wanakwenda London kuzungumzia Mombasa. Mtu ambaye nyumba yake mwenyewe inatikisika atapigania vipi nyumba nyingine ng'ambo ya bahari? Jeshi hawana, pesa hawana, Mwingereza amekwisha amua, na Kenya ina watu mara ngapi. Wangekataa, Kenya ingeichukua tu tarehe 12 Desemba na zile ahadi nazo zisingekuwepo. Kwa hivyo wakatafuta kupata maandishi, angalau dini na makadhi na watoto wafundishwe Kiarabu na wakuu wa serikali kwenye sehemu za Waislamu wawe Waislamu kila inapowezekana. Mimi nikiwafikiria nawaonea huruma kuliko kuwalaumu.

Lakini kuna jambo linalonikereketa zaidi ya ule mkataba wenyewe. Zanzibar uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12, na tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi. Mwezi mmoja! Aliyeandikiwa barua ya ahadi, Shamte, amefungwa. Sultani yuko baharini, mwisho wake Uingereza, akakaa huko mpaka 2020 ndio akaruhusiwa kuja kuishi Oman, na hapa amefariki Desemba 2024. April 1964 Zanzibar yenyewe imeungana na Tanganyika. Basi niambieni, Kenya ingevunja ahadi, nani angebisha hodi Nairobi na kusema uliniandikia barua? Aliyeahidiwa hayupo tena. Ahadi imebaki na upande mmoja tu, upande wa mwenye kutoa.

Marehemu mama alikuwa na dada yake ameolewa Mombasa. Akisema zamani wakipanda chombo kwenda harusini walikuwa hawajui kama wanatoka nchi moja kwenda nyingine. Baada ya 64 alimwona dada yake mara mbili tu mpaka kufa.

dada_wa_Majengo

Mimi nataka kurudi kwenye hizo ahadi maana dada yangu wa Muscat amesema kweli lakini si zote zilikufa. Ya makadhi ipo mpaka leo na nimeiona kwa macho yangu. Ahadi ya zile barua iliingia kwenye katiba ya uhuru, Kadhi Mkuu na makadhi wengine wasiopungua watatu, ikaja sheria yake 1967, na katiba ya 2010 ikaiweka tena ibara ya 170: ndoa, talaka, mirathi na mambo ya hali ya mtu, kama wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele ya kadhi.

Na haikubaki kwa urahisi. Mwaka 2010 kabla ya kura ya maoni ilipigwa vita kila kona, makanisa mengi yalisema kataeni katiba kwa sababu ya makadhi, na Mei mwaka uleule majaji watatu wa mahakama kuu wakasema haifai kuwemo ndani ya katiba. Nakumbuka mjadala wa redio, kila aliyepiga simu anauliza kwa nini dini moja ipendelewe. Karibu hakuna aliyekuwa akijua kwamba ile haikuwa zawadi kwa Waislamu wa Kenya nzima, ilikuwa bei. Nchi ilichukua Mombasa na Lamu na Malindi na bandari, na katika malipo yake makadhi wamo. Ukilijua hilo maneno yote yanabadilika.

Baba alipofariki tulikuwa watoto tisa kwa mama wawili, kulikuwa na nyumba moja ya Swahili na kiosk. Kesi ya mirathi tumemaliza kwa kadhi bila ndugu hata mmoja kuacha kusalimiana na mwenzake. Nilikaa kwenye benchi ile nikawa nafikiria kwamba benchi hii imo kwenye barua ya Oktoba 1963. Sijui kama karani pale anajua.

Ile ahadi ya wakuu wa serikali kuwa Waislamu ndiyo nadhani ilikuwa ya kwanza kwenda. Na majimbo nayo aliyoyategemea Ngala, ukifika Desemba 1964 Kenya imekuwa jamhuri, KADU imeshajivunja mwezi mmoja nyuma, na jimbo la Pwani likabaki jina tu.

MwanaFaza

Maashallah, nimejifunza hapa kuliko miaka yote ya skuli. Limebaki moja, hakukupigwa kura? Yaani mambo yote haya yameamuliwa na wakubwa nyuma ya milango London na mtu wa kawaida hajaulizwa ndio au hapana?

Msomaji_wa_Kuze

Hapana mdogo wangu, kura ya kuuliza swali hilo moja haikupigwa. Robertson alisikiliza wajumbe, vyama, wazee, akaamua anavyoona. Uchaguzi wa 1963 ulikuwepo, na waliotaka Mwambao ujitenge hawakushinda Pwani, wanaosema watu waliamua husimamia hapo. Mimi naona mtu anayechagua mbunge hajajibu swali la nchi yake itakuwa ya nani, hayo ni maswali mawili. Ila nikuambie pia kuulizwa peke yake hakutoshi. Kule kaskazini mwa Kenya, wilaya ya mpakani iliyoitwa NFD (Northern Frontier District), mwaka 1962 tume ya Waingereza ilikwenda kuuliza ikakuta Wasomali wengi mno wanataka kuungana na Somalia, ikaandika hivyo hivyo, na bado wakaachwa Kenya, ikaja vita vya miaka.

Kwa hayo ndio maana MRC (Mombasa Republican Council), kundi la kutaka Pwani ijitenge, walipokuja na "Pwani si Kenya" nilielewa uchungu na sikukubaliana na hoja. Serikali ikawapiga marufuku 2010, mahakama ya Mombasa ikaiondoa marufuku 2012. Vijana walikuwa wanatafuta karatasi yenye tarehe ya mwisho ili waseme muda umekwisha tokeni. Karatasi hiyo haipo, na kuitafuta kumewafanya waiache ile iliyopo. Iliyopo ina sahihi ya waziri mkuu wa Kenya na ina ahadi zinazohesabika moja moja. Mimi ningekwenda mahakamani na hiyo, na ardhi ningeifungua upya kwa namna anayosema Mwana wa Kaya, kwa sababu barua ile ilimlinda mwenye hati bila kuuliza hati ilipatikanaje, na walioiandika hawakuwa na hata mtu mmoja wa kaya pale mezani wa kuwaambia.

Mwana_wa_Kaya

Mzee wangu Msomaji, nakubaliana nawe, na hilo la mwisho sikutegemea kulisikia kutoka Kuze. Ahsante.

MwanaFaza, ukirudi barazani muulize ami yako kwa adabu swali moja kwa niaba yangu. Yeye aliiona bendera. Je, mwaka ule wa 63 anawakumbuka watu waliokuwa wakileta makaa na nazi kutoka upande wetu mpaka Mji wa Kale, walikuwa wanasema nini? Mbele ya baraza lile walikuwa wakipita kila siku. Babu yangu alikuwa mmoja wao.

MwanaFaza

Ntamuuliza inshallah, Ijumaa hii hii. Na ule mkataba ntauchapisha nimpelekee, macho yake hayaoni vizuri tena kwa hiyo ntamsomea mwenyewe, kwanza barua kisha ile ya tarehe 8. Akijibu habari ya watu wa nazi narudi hapa kukuandikia.

Chumbageni_boy

Na mimi nasubiri. Nimempigia baba hapa Tanga kumwambia habari ya marki milioni nne, amenyamaza muda, halafu akaniuliza kama nina uhakika. Nimemsomea alivyoandika mzee Msomaji neno kwa neno.